Mwenye Ufunguo Alivyovalishwa Sweta

Kijana mmoja alikuja kwangu hapa Iyunga na kisanduku cha plastiki kinachong'aa. Ndani alisimama shujaa wa bandia, joho mgongoni, ngumi mbele, kifua kimetuna kama amemeza upepo. Akaniuliza, "Mzee, huyu ana thamani gani?" Nikamwambia amtoe nimnuse. Akarudi nyuma kama vile nimemwambia avue suruali.

"Hatolewi, mzee. Akitolewa thamani inashuka."

"Basi kamuulize aliyelifunga sanduku," nikamwambia. "Mimi sithamini madirisha."

Aliondoka amenuna. Wenzake mkacheka, kisha mkaja mmoja mmoja kuniomba niandike ninayoyajua kabla sijaondoka nayo. Haya, naandika. Shule niliishia darasa la pili, na hilo la pili sikulimaliza, kwa hiyo msinitafutie koma wala nukta. Lakini kazi ya kuthamini hawa mashujaa wa vitabu vya katuni, wale wa zamani, naijua. Miaka ya sabini, ukitoka Mbeya mpaka Iringa, tulioijua tulikuwa wawili, na mmoja ndiye aliyemfundisha mwenzake. Sisi tuliwaita watoto wa bandia tu. Hata mwenye misuli na ndevu alikuwa mtoto wa bandia. Hayo majina yenu mapya yaacheni mlangoni na viatu.

Anza na pua. Mpira wa miaka ile unanuka kama gundi ya kuzibia pancha za baiskeli, lakini kwa mbali, kama gundi iliyoko chumba cha pili. Akinuka mafuta ya taa, ni wa juzi. Akinuka ukungu, alilala kwenye sanduku la bati msimu wa mvua, na hapo mgeuze uangalie makwapa, maana ukungu hujificha pale pale anapojificha kwa binadamu.

Halafu viungo. Ndani ya kiwiliwili kuna uzi wa mpira kama ule wa kaptula, ndio unaoshika mikono na miguu. Nyanyua mkono wake, uachie. Ukidondoka kama mkono wa mlevi, mpira umechoka. Ukishuka taratibu kama mkono wa mtu anayetoa mchango, huyo bado mzima. Halafu kisigino. Mtu anaweza kukudanganya kwamba huyu hajachezewa, alikaa kabatini tu. Kisigino hakidanganyi. Mtoto akicheza na shujaa anamtembeza, na akimtembeza kisigino kinalika. Hayo nimewapa bure.

Kuingia kwangu katika kazi hii kulikuwa kwa kuchekwa. Miaka ile barabara kuu ilipokuwa inatiwa lami, mainjinia kutoka ng'ambo walikaa kwenye kambi na wake zao na watoto wao. Kipande cha barabara kikiisha, kambi inahama, na vyombo vinauzwa mlangoni. Mimi nilikuwa na mkokoteni. Nilinunua masufuria, vitanda vya chuma, mapazia, nikauza mjini. Vitu vya watoto nilipewa mwishoni kama nyongeza, mama wa nyumba anakutupia juu ya mzigo na kukupungia mkono.

Siku moja kwenye nyongeza hizo nikakuta sanamu ndogo ya mtu. Amevaa joho refu, ameinua mkono kama anabariki, na kifuani amechorwa jogoo. Mimi ni Mmoraviani, kanisani kwetu sanamu hatuna, lakini nilijua Wakatoliki wanazo. Nikapiga hesabu yangu. Joho, mkono wa baraka, jogoo. Huyu ni Mtakatifu Petro. Nikamfunga kwenye kitambaa safi, nikapanda basi mpaka Iringa, na kutoka Iringa nikaenda kwa miguu mpaka misheni ya Tosamaganga, nikiwa na hakika kwamba nitapokelewa kwa wimbo.

Nilimkuta katekista mmoja mzee anapalilia kabichi. Akamfungua Petro wangu, akamtazama mbele, akamtazama nyuma.

"Huyu ni nani, mwanangu?"

"Petro."

"Petro gani huyu aliyevaa chupi juu ya suruali?"

Mzee yule alicheka mpaka akaketi kwenye tuta na kuharibu kabichi zake. Alipopata pumzi akaniambia, "Nenda mjini. Kuna Mhindi anauza mablanketi, yeye anao ndugu zake huyu. Mwambie umemletea Petro." Akaanza kucheka upya. Niliondoka bila kuaga.

Huyo muuza mablanketi ndiye Bwana Ratilal, na kila ninachokijua kimetoka kwake. Alizaliwa Iringa, akakulia Iringa nyuma ya marobota ya baba yake, na mtu akiingia dukani alisalimiwa "Kamwene" kama anavyosalimia Mhehe yeyote. Hakuwa na mke. Nyuma ya duka alikuwa na chumba chenye kabati la kioo na sanduku la vitabu vya picha alivyovisoma utotoni, vimechakaa mpaka kurasa zimekuwa laini kama kitambaa. Nilipomtolea mtu wangu wa jogoo hakucheka. Alitandika kitambaa cheupe mezani, akamlaza juu yake, akafungua kitabu kimoja, akanionyesha. Jogoo wangu alikuwa pale kwenye ukurasa, joho lile lile, chupi ile ile.

Kitabu kilikuwa cha mashujaa saba walinzi wa mji. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, mimi nilifuata picha. Niliwapa majina yangu mwenyewe, na Bwana Ratilal akayazoea: Jogoo, Mhunzi, Mama wa Mvua na wengine. Walipigana kitabu kizima, majengo yakaanguka, lakini ukurasa wa mwisho wa kila kitabu ulikuwa mmoja tu. Wote saba wamekaa meza moja wanakula, majoho yametundikwa ukutani. Bwana Ratilal aliupenda ukurasa huo kuliko mapigano.

Kufundisha kwake kulikuwa kwa ukorofi. Mara ya kwanza aliniweka mbele ya Mhunzi, akaenda kuhudumia wateja. Akarudi.

"Unaona nini?"

"Mtu."

"Kaa tena."

Akaenda, akakata kitambaa cha watu, akarudi. "Unaona nini?"

"Mkono wa kushoto umepauka kuliko wa kulia."

"Kwa nini?"

"Alikaa dirishani."

"Dirisha la upande gani?"

Hapo nikakasirika, nikamwambia mimi si ukuta wa nyumba hiyo, nitajuaje. Akafurahi. Akanionyesha kwamba mpauko ulikuwa wa manjano, si mweupe. Jua la jioni, dirisha la magharibi. Tangu siku ile sijawahi kumtazama mtu wa bandia bila kuiona nyumba alimokaa.

Amri yake kubwa ilikuwa moja. Usioshe. Niliivunja mapema. Nilimpata Mama wa Mvua kwenye kambi, ana matope masikioni, nikaona aibu kumpeleka hivyo kwa mtu anayetandika kitambaa cheupe. Nikamsugua kwa sabuni ya mche na maganda ya mahindi. Nyusi zikaondoka, na mdomo mmoja. Bwana Ratilal alimtazama, akaagiza chai, akanipa yangu bila sukari.

"Ulitaka kunifurahisha," akasema.

"Ndiyo."

"Uchafu ule ndio ulikuwa cheti chake. Huo ungeniambia wapi alikozaliwa, nani alimshika, mwaka gani aliachwa nje. Sasa ni bibi asiye na nyusi."

Alimnunua hivyo hivyo, ili kila nikiingia chumbani nimwone. Chai ile nakumbuka uchungu wake mpaka leo, na sikuosha tena.

Hapa niseme jambo la mbele kabla ya la nyuma. Miaka mingi baadaye, Bwana Ratilal akiwa mzee kabisa huko ng'ambo, mpwa wake alikuja Mbeya akanitafuta mpaka akanipata. Alisema mjomba wake ameweka kabati lile sebuleni, mashujaa sita wamesimama, na kati yao ameacha nafasi ambayo hataki ijazwe na kitu. Alikuwa amemtuma aulize kama yule mwenye sweta bado yupo, na kama yupo, amlete alivyo. Nilimpeleka mpwa yule mpaka Rujewa. Tulizunguka kwenye mashamba ya mpunga na mashine za kukoboa tukiuliza, na alirudi mikono mitupu. Mtauliza sweta gani. Nakuja huko.

Ilianza pale Bwana Ratilal aliponiambia anafunga duka. Dada yake alikuwa amemwita ng'ambo akaishi naye. Vitabu vilishafungwa, mablanketi yaliyobaki yalikuwa yanauzwa kwa hasara, na kabati ndilo lilikuwa la mwisho kuingia kwenye kreti. Alisimama mbele yake mikono nyuma. Ndani walikuwepo sita. Wa saba tulikuwa hatujawahi kumpata, naye ni yule niliyemwita Mwenye Ufunguo, mwenye joho la manjano na ufunguo umeshonwa kifuani.

"Nimeishi nao sita," akaniambia. "Nilidhani nina muda."

"Unapakia lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Hakuniomba. Angeniomba pengine nisingehangaika vile. Mtu huyu alinipokea nikiwa na Petro wa chupi mkononi, akanipa kazi ya kuishi nayo, na mimi sikuwa nimewahi kumpa kitu ambacho hakukilipia. Nikasema moyoni, huyu wa saba nitamleta, na sitachukua kitu.

Alinifundisha tena alama zake, ingawa nilizijua. Mwenye Ufunguo wa toleo la kwanza, upindo wa joho lake umeshonwa kwa uzi mwekundu. Wa baadaye hawana upindo, joho limekatwa tu na kupakwa gundi. Bila uzi mwekundu, ni mtu mwingine aliyevaa nguo zake.

Nilizunguka kila nyumba iliyowahi kufanya kazi kambini. Wapishi, madobi, walinzi wa lango. Mpishi mmoja ndiye aliyeniambia niende kwa Mama Semeni, yaya, anakaa hapa hapa Iyunga ng'ambo ya barabara. Mama Semeni nilimfahamu, alishanunua kwangu masufuria. Alikuwa mtu wa Usangu aliyekuja Mbeya kutafuta kazi, akamlea mtoto wa injinia tangu hajui kutembea mpaka siku walipohama. Binti yake, huyo Semeni, alikuwa ameolewa kwao Rujewa.

"Hodi."

"Karibu, baba. Umeleta sufuria?"

"Leo sina sufuria, mama."

Nilimwona kabla sijakaa. Alisimama kwenye rafu karibu na taa, juu ya kopo la majani ya chai, ameelekea mlangoni. Joho la manjano. Ufunguo. Niliikalia mikono yangu isinitangulie.

"Naweza kumtazama yule?"

"Mtazame. Ila usimwamshe," akasema, akacheka.

Msidhani mama yule alikuwa amechanganyikiwa. Alijua ni mpira kama mimi ninavyojua. Lakini mtoto aliyembeba mgongoni miaka yote ile alimwekea mikononi siku gari linaondoka, akamwambia mtunze huyu. Angemfanya nini, amtupe jalalani kwa kuwa ni mpira?

Niliugeuza upindo. Uzi mwekundu, mshono mdogo mdogo, umefumuka kidogo kona moja. Mavumbi ya kambi yalikuwa kwenye mikunjo ya viwiko. Kisigino kimelika kwa mtoto mwenye mwendo wa haraka. Katika maisha yangu yote sijamwona mwingine mzuri kama yule.

Nikamweleza habari za Bwana Ratilal. Alikuwa anapeta mchele kwenye ungo, hakuacha kupeta.

"Anamtaka wa nini?"

"Akamilishe."

"Kwani huyu amepungukiwa nini?"

"Si yeye, mama. Ni wenzake. Wako sita, wanakaa kabati moja. Yeye ndiye hayupo."

Ungo ukasimama. "Sita?"

"Sita."

"Wa nyumba moja?"

"Nyumba moja. Kwenye kitabu chao wanakula meza moja."

Nilimtajia kitanda cha chuma, na seti ya sufuria zenye mifuniko. Hata hakunisikia. Alikuwa anamtazama yule juu ya kopo.

"Yule mtoto alisema nimtunze," akasema. "Hakusema nimfungie peke yake, na kumbe ana ndugu." Akachambua jiwe kwenye mchele, akalitupa nje. "Utampeleka. Sitaki kitanda. Lakini si leo. Njoo Jumamosi. Mtoto hatoki hivi hivi."

Hapo ndipo pa kusimama, vijana. Nilijua amri kubwa kuliko mtu yeyote, nilishainywea chai chungu. Neno lilinifika kwenye meno: mama, usimwoshe. Lakini mlizaliwa wapi nyinyi? Kwetu huku, kijana hamwelekezi mama aliyelea jinsi ya kumtayarisha mtoto wa safari. Ni kumwambia hajui kulea. Muuzaji ningemwambia, tena kwa ukali. Mama Semeni hakuwa muuzaji. Nilifunga mdomo, nikasema, "Ndaga, mama, asante," nikaondoka. Nikajiambia labda anataka tu siku mbili za kumuaga. Nimeirudia dakika ile mara nyingi kuliko nilivyorudia sala, na kila mara sioni mlango ambao ningepita na lile neno bila kumvunjia heshima.

Jumamosi nilimkuta ameshaniona kwa mbali, yuko mlangoni amejifunga khanga mpya. Akamleta nje kwa mikono miwili.

Alikuwa amemwogesha. Alimsugua kwa sabuni mpaka kwenye mikunjo ya viwiko, mavumbi ya kambi hayakubaki hata chembe. Kisha alimpaka samli, ile samli nzuri ya ng'ombe ambayo binti yake alimletea kutoka Rujewa, mwili mzima, na akamweka juani iingie. Uso uliwaka kama wa bwana harusi. Joho lilikuwa limefuliwa kwa maji ya moto na kutiwa buluu. Na kwa kuwa upindo ulifumuka, aliukata wote, akapinda upya kwa uzi mweupe, mshono wa mkono, mzuri sana, ulionyooka. Juu ya vyote hivyo alimfumia sweta la sufu ya kijani lenye kola na vifungo vidogo vya shati la mtoto.

"Iringa kuna baridi," akasema. "Asije akasema nilimtoa uchi."

Nilitazama ardhini. Nikatafuta ule uzi mwekundu kwa macho, kwenye vumbi, kwenye fagio lililoegemea ukuta, kwenye majivu ya jiko. Ningefanya nao nini hata ningeupata?

"Hukumpenda?" akauliza.

"Amependeza, mama."

"Mwambie huyo bwana asimlaze kifudifudi. Na amsimamishe aone mlango." Akanipa karanga za njiani kwenye karatasi, akamfunga mwanawe kwenye kipande cha khanga.

Kwenye basi nilimpakata. Tulipopita Makambako jua lilikuwa kali, na samli ikaanza kunukia. Mama mmoja kiti cha mbele akageuka, "Nani amebeba mtoto mchanga humu?" Nikasema ni mimi. Akatafuta mtoto kwa macho, hakumwona, akahama kiti.

Bwana Ratilal alikuwa ametandika kitambaa cheupe. Dukani hamkuwa na kitu tena, sauti zetu zilikuwa zinagonga kuta. Kreti lilisimama wazi katikati ya chumba, limejaa majani makavu.

"Kamwene, Ambilikile. Umekuja naye?"

"Nimekuja naye."

Alinawa mikono, akaikausha, akafungua khanga. Alipoona sweta alitabasamu.

"Nani kamvika?"

"Mama aliyemlea. Anasema Iringa kuna baridi."

"Kweli kuna baridi."

Alifungua vifungo kimoja kimoja kwa ncha ya kucha. Harufu ya samli ikapanda. Tabasamu likabaki usoni lakini macho yakaondoka. Akanyanyua mkono wa Mwenye Ufunguo, akauachia. Ukadondoka. Mafuta yalikuwa yameshafika ndani, uzi wa mpira umelegea. Akaugeuza upindo wa joho.

"Uzi mwekundu uko wapi?"

"Ulikuwepo. Niliuona kwa macho yangu."

"Najua uliuona. Uko wapi?"

"Ameukata. Ulikuwa umefumuka, akaona aibu."

Akaushusha upindo. Kisha akasema, "Ungemwambia asioshe."

"Mimi? Nimwambie mama yule?"

Alinitazama. Angekuwa mgeni angebisha. Alikuwa mtu wa Iringa. "Hapana," akasema. "Usingeweza."

Akambeba mpaka kwenye kabati, akamsimamisha kwenye ile nafasi. Tukawaona wote saba kwa mara ya kwanza. Sita walikuwa wa vumbi, kila mmoja na mpauko wa dirisha lake, na katikati yao mmoja anang'aa. Nilingoja. Nilitaka aseme ameharibika, ili nimkasirikie niende zangu. Hakusema hivyo.

"Mafuta yatahamia kwa wenzake," akasema. "Safari ni ndefu, kreti litapata joto. Na panya wa melini wataifuata hii harufu. Nitawapoteza wote."

Alichosema kilikuwa kweli. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo, kwa maneno yake hayo hayo, maana ndiye aliyenifundisha. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma. Hakuna aliyekosea mle chumbani.

Akamtoa. Akamvisha sweta tena, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingo. Akaenda kwenye rafu tupu, akachukua blanketi zito la mwisho.

"Mpe mama. Mwambie…" akasimama. "Mpe tu."

Vijana, mimi sasa mtu akiniletea aliyeoshwa, na wengi huwaosha, hasa kina mama, namwambia kwanza, "Umemtunza." Nasema hivyo kabla sijagusa kisigino wala kunusa. Bei huja baadaye, na bei ni ndogo, siwezi kuidanganya. Lakini Bwana Ratilal alinifundisha kusoma dirisha alilokaa mtu wa bandia, jua lililompiga, mtoto aliyemtembeza. Samli je? Samli nayo ilikuwa cheti. Ilitaja Rujewa, ikataja binti, ikataja mama aliyeamini kwamba huko anakokwenda kuna meza. Tulikuwa wasomaji wawili tu katika nchi nzima ya nyanda hizi, na sote wawili tuliishika ile karatasi tukasema imechafuka. Yeye alikuja kuisoma uzeeni, akamtuma mpwa. Wakati huo Mama Semeni alishahamia kwao, na tuliowauliza walisema alishazikwa, na vitu vyake havikujulikana vilikokwenda.

Nilirudi Iyunga siku ya pili yake. Alikuwa nje anaanika mchele. Aliniona na khanga mkononi, akaona umbo lililo ndani ya khanga. Mtoto akienda kukaa kwa watu kisha akarudi na nguo zile zile, mama hahitaji kuambiwa. Lakini aliniuliza, na mimi nilijisifu maisha yangu yote kwamba sisemi uongo juu ya kitu kilichomo mkononi mwangu.

"Wamemkataa, mama."

"Wenzake?"

"Mwenye nyumba."

"Kwa kosa gani?"

"Kwa kuwa umemwogesha."

Akacheka. Kisha akaniangalia, akaona kwamba mimi sicheki.

"Walitaka aende mchafu?"

"Walitaka aende alivyokuwa."

"Alivyokuwa alikuwa mchafu, baba."

Nikamnyooshea blanketi. Hakulitazama. Alimchukua Mwenye Ufunguo, akamfungua khanga, akamshika vidole vya mpira kati ya vidole vyake. "Amepoa," akasema, si kwangu. Akaingia naye ndani. Nikasikia kopo la majani ya chai likisogezwa kwenye rafu, likigeuzwa lielekee mlangoni, na sauti yake ikisema pole, pole na safari, baba, pole.

Mimi nilisimama pale nje na blanketi la Iringa mikononi, na vumbi la njia nzima kwenye viatu. Mimi hakunipa pole.